Loiyangalani, ambako upepo huwafanya wageni kuwa majirani

Kuna pepo za aina nyingi katika nchi yetu, msomaji mpenzi. Kuna upepo mwanana wa Mombasa, unaompoza mtu jasho la mchana akiwa amekaa barazani. Kuna ule wa vilima vya Ngong, unaowapokonya kofia watu wa Nairobi wanaokwenda huko kunyoosha miguu siku ya Jumapili. Lakini kama hujawahi kulala ndani ya hema huko Loiyangalani, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, basi niwie radhi nikikuambia kwamba upepo wenyewe bado hujauona. Ulichoonyeshwa ni picha yake tu.

Siku hizi familia nyingi za mjini zimeanza kupenda kupiga kambi. Likizo ya Agosti ikifika, baba hununua hema, mama hufunga sufuria na blanketi, na watoto hawalali kwa furaha. Hilo ni jambo jema. Aidha, wanafunzi wa vyuo wasio na pesa za hoteli wamegundua kwamba kwa hema moja na mfuko wa unga wanaweza kuizunguka Kenya nzima. Leo basi nakualika twende pamoja hadi kaskazini, nikueleze njia, nikueleze upepo ule unatoka wapi, na nikusimulie usiku mmoja ambao ulinifunza kwamba hema haliwezi kusimama kwa vigingi peke yake.

Safari ya siku mbili

Kutoka Nairobi hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 500, na mwenye busara huzigawa kwa siku mbili. Njia moja hupitia Nyahururu, Maralal na Baragoi. Nyingine, ambayo ndiyo tuliyoifuata mimi na mpiga picha wetu, hupitia Isiolo na Archers Post kwa lami safi hadi Laisamis, kisha inaiacha lami na kuelekea magharibi. Kabla ya kushika njia yoyote kati ya hizo mbili, ulizia hali ya usalama katika kituo cha polisi. Hilo si jambo la kuonea haya.

Kutoka Laisamis utapita nchi kavu ya migunga, ngamia na vumbi, hadi bonde la South Horr, lililo kati ya mlima Nyiru na mlima Ol Doinyo Mara. Hapo kuna miti mikubwa na kivuli, na msafiri hutamani kubaki. Usibaki. Mbele kidogo bonde linafunguka, na ghafla unaona jambo ambalo watoto wako hawatalisahau: minara myeupe imesimama nyikani, safu kwa safu, kila mmoja ukizungusha mapanga yake matatu polepole kama mtu anayefanya kazi ya kibarua bila haraka.

Hiyo ni mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo. Kila mmoja unaweza kutoa kilowati 850, na yote kwa pamoja megawati 310. Umeme wake ulianza kuingizwa katika gridi ya taifa mnamo Septemba 2018, na mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Waya zinausafirisha umeme huo kwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Kwa hivyo, msomaji wa Umoja au Buruburu, taa unayowasha sebuleni usiku huu huenda inapata sehemu ya nguvu zake kutoka kwa upepo uleule ninaokusimulia. Hata barabara unayopita kutoka Laisamis ilikarabatiwa ili malori yaweze kuibeba minara hiyo.

Baada ya hapo ni mawe. Mawe meusi ya volkeno, makubwa na madogo, kana kwamba mtu alivunja mlima mzima akasahau kuzoa. Gari linapanda, linashuka, na mara ziwa linatokea, kijani kibichi, katikati ya weusi huo.

Wazungu wa kwanza kulifikia, Count Teleki na mwenzake von Höhnel, waliliona mwaka 1888, wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Wenyeji walikuwa wamelijua kwa karne nyingi na hawakuwa na haja ya Rudolf. Mwaka 1975 likaitwa rasmi Ziwa Turkana. Maji yake yana magadi, mamba wamo tele, na mawimbi yake si ya kuchezewa. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs, waliojulikana kama Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini, na hawakuonekana tena. Wengi huamini kwamba upepo ndio uliowazamisha.

Mji wenyewe wa Loiyangalani ni mdogo. Jina lake ni la Kisamburu, lenye maana ya mahali pa miti mingi, na kweli kuna chemchemi za maji ya moto na mikoma mirefu inayofanya mahali hapo paonekane kama kisiwa cha kijani. Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo wote wanaishi hapo, na utazisikia lugha zao zote kabla hujamaliza kikombe kimoja cha chai.

Upepo huu watoka wapi?

Wengi hudhani ni mlima Kulal, ulio upande wa mashariki wa mji na wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200, unaoumwaga upepo ule ziwani. Kulal una mchango wake, maana usiku hewa iliyopoa juu ya mlima huteremka kwa kasi kuelekea ziwa lenye joto. Lakini asili yake ni ya mbali zaidi.

Hebu chukua mpira wa kumwagilia maua. Maji yanatoka taratibu. Sasa bana mdomo wake kwa kidole gumba. Maji ni yaleyale, lakini yanaruka mbali kwa nguvu. Ndivyo ilivyo kaskazini mwa Kenya. Upande mmoja kuna nyanda za juu za Ethiopia, upande mwingine kuna nyanda za juu za Kenya, na katikati kuna nchi tambarare iliyo kama mfereji. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unapofika hapo hubanwa, nao hukimbia. Mwaka 1982 wanasayansi wa hali ya hewa, Kinuthia na Asnani, walichapisha utafiti kuhusu mkondo huo wa upepo, na tangu hapo ukajulikana duniani kwa jina la Turkana. Mahali ilipojengwa ile mitambo, wastani wa kasi yake ni karibu mita 11 kwa sekunde, yaani kama kilomita 40 kwa saa. Huo ni wastani tu, msomaji. Kuna saa ambazo unapita mara dufu.

Jambo la kumhadharisha mpiga kambi ni ratiba ya upepo huu. Usiku unavuma kwa ghadhabu hadi asubuhi. Kufikia adhuhuri unachoka, na alasiri unaweza kulala kabisa. Sasa fikiria: wasafiri wengi hufika saa ngapi? Alasiri. Wanakuta ziwa limetulia kama kioo, wanachagua mahali palipo wazi ili waone machweo, wanasimamisha hema wakiimba. Upepo unawasubiri.

Kuna hesabu moja ambayo wanafunzi wanaweza kuipeleka darasani. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma hema haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Ikiongezeka mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa. Hema lililovumilia vizuri kule Naivasha si lazima livumilie Loiyangalani.

Usiku wa kwanza kambini

Kambi tuliyofikia ilikuwa ua uliozungushiwa ukuta mfupi wa mawe, wenye mikoma kama kumi hivi. Mwenye kambi ni mama mmoja wa Kiturkana, mcheshi, ambaye alitupokea kwa maji ya kunywa kabla ya kutaja bei. Tulikuta wenzetu wameshafika.

Chini ya ukuta alikuwa mzee mmoja na mkewe kutoka Nakuru, wote wastaafu. Mzee alikuwa mpimaji ardhi, na alikuwa amelala hemani kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Hema lake la turubai zito lilikuwa limefifia rangi hata hujui kama zamani lilikuwa kijani au kahawia. Karibu nao walikuwepo wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha Eldoret, wavulana wawili na wasichana wawili, waliokuja kwa lori lililoleta unga na sukari. Dereva wa lori hilo na utingo wake walikuwa wameegesha karibu na lango, wakisubiri shehena ya samaki wakavu ya kurudi nayo.

Upande wa pili kabisa, mahali palipoinuka na kutazama ziwa, ilikuwepo familia ya Nairobi: baba, mama, na watoto watatu, wa mwisho akiwa msichana wa miaka tisa. Hema lao lilikuwa jipya, refu, la vyumba viwili na madirisha. Lilikuwa zuri kweli. Watoto wengine wa mji walikuja kulitazama.

Mzee wa Nakuru aliinuka, akajikokota hadi kule.

"Baba," alisema, "upepo wa hapa hutoka mlimani, na utakukuta mgongo wazi. Sogea huku ukutani. Nafasi iko."

"Asante sana, mzee," baba yule akajibu kwa adabu. "Tuko sawa. Watoto wanataka kuona ziwa."

Usimhukumu, msomaji. Hakuwa mtu wa kiburi. Alikuwa mtu wa mjini, kama wewe nami. Sisi tumezoea kukaa katika nyumba za ghorofa miaka mitatu bila kujua jina la anayelala ukutani kwetu. Mtu asiyetujua akitupa ushauri, jambo la kwanza tunalojiuliza ni anataka kutuuzia nini. Tumejifunza kusema "tuko sawa" hata kabla ya kujua kama tuko sawa.

Jua likazama. Saa mbili usiku makuti ya mikoma yakaanza kunong'ona. Saa tatu yakawa yanagombana. Ilipofika saa nne, kulitoka upande wa Kulal mngurumo kama wa lori linaloshuka mteremko bila breki, na upepo ukaingia kambini.

Hema letu, ambalo ni dogo na fupi, lilijikunja juu yetu hadi likatugusa pua, likajinyoosha, likajikunja tena. Changarawe zilikuwa zinalipiga kama mvua ya mawe. Kisha, katikati ya kelele hizo, tukasikia fito zikivunjika, moja, mbili, na sauti ya mwanamke ikiita.

Tulipotoka, lile hema zuri halikuwepo tena. Turubai la juu lilikuwa limeng'oka na kuruka hadi kwenye mkoma. Lililobaki lilikuwa limelala chini likitapatapa kama samaki, na ndani yake walikuwemo watu. Baba alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili asijue aanzie wapi. Mama alichomoza na mtoto wa mwisho mgongoni, na alichokuwa akipigia kelele si hema.

"Dawa! Dawa yake ya pumu imebaki ndani!"

Mtoto yule alikuwa na pumu, na vumbi lile lilikuwa limemwamsha mapafu. Mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani anajua sauti ile: pumzi inayotoka kwa mluzi, mabega yanapanda, maneno hayatoki.

Kilichofuata kilitendeka bila mtu kumwamuru mwenzake. Wavulana wa chuo walijilaza juu ya kingo za hema ili lisiruke, na kaka wawili wa mtoto wakatambaa nje. Mmoja wa wale wasichana aliweka tochi mdomoni, akaingia kwa tumbo chini ya kitambaa kilichoanguka kutafuta mkoba. Mke wa mzee, nyanya wa watu, alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akamfunika uso kwa leso aliyoilowesha maji, akakimbia naye hadi kwenye lori. Akamketisha wima ndani ya chumba cha dereva, vioo vikafungwa, vumbi likabaki nje.

Dereva naye alikuwa ameshauelewa upepo. Aliwasha injini, akawasha taa zote zikamulika hema, halafu akalisogeza lori polepole, utingo akimwelekeza kwa mikono, hadi likasimama ubavu kati ya mlima na sisi. Utingo akateremsha turubai la lori upande wa magurudumu na kulikandamiza kwa mawe, upepo usipite uvunguni. Ilikuwa kana kwamba mtu amefunga dirisha. Kelele zilibaki juu ya vichwa vyetu, lakini chini watu waliweza kusikilizana.

"Nimeupata!" ikasikika sauti kutoka chini ya kitambaa.

Kile kichupa cha kupulizia kilifika kwa mtoto kikiwa kimepita mikono mitano. Alivuta mara ya kwanza, akavuta tena kama mama yake alivyomwelekeza. Baada ya kama robo saa mluzi ulipungua, na mtoto akauliza kama lori lile lina redio. Hapo ndipo nyanya alipocheka, na mama mtu akalia.

Kibanda kisichokuwa na pembe

Mwenye kambi alikuwa amefika na taa. Aliwachukua familia ile yote akaenda kuwalaza katika kibanda chake mwenyewe, yeye akajibanza kwa dada yake.

Nakuomba ukitazame vizuri kibanda hicho ukifika Loiyangalani, maana ni somo la uhandisi. Waturkana na Waelmolo wa hapo hujenga vibanda vya mviringo, vifupi, kama bakuli lililofunikwa. Mifupa yake ni fito zilizopindwa, ngozi yake ni makuti ya mkoma, na juu huwekwa kamba, ngozi za wanyama au mawe ya kukandamiza. Hakuna ukuta ulionyooka, hakuna pembe ya kushikwa. Upepo unateleza juu yake na kwenda zake.

Asubuhi nilimwuliza yule mama kwa nini kibanda chake hakitikisiki ilhali hema la pesa nyingi limevunjika.

"Hema lenu lilisimama kushindana," akasema. "Hiki kiliinama kabla hakijaambiwa."

Mtoto alipelekwa katika kituo cha afya cha hapo mjini, muuguzi akampima na kuridhika. Waliporudi, walikuta kambi nzima imekuwa karakana. Mzee wa Nakuru alikuwa amekata vipande vifupi vya bomba la chuma, kila kimoja kama urefu wa kiganja, akavivalisha mahali fito zilipovunjika na kuzifunga kwa utepe wa fundi wa umeme. Utingo alikuwa amekaa kitako na shazia ya kushonea magunia, anashona mpasuko wa turubai kwa uzi wa katani. Mishono yake haikuwa mizuri, lakini iliaminika. Wanafunzi walikuwa wanapika uji wa wote.

Samaki walipokwisha kupakiwa, baba yule alimwendea dereva akiwa na noti mkononi. Dereva alizitazama, akatikisa kichwa. Kisha akapanda nyuma ya lori, akashuka na kamba ndefu ya manila na vigingi vinane vilivyokatwa kutoka kwa nondo za ujenzi.

"Chukua hivi, mzee," akamwambia.

"Nitakurudishia vipi? Nipe basi namba yako."

"Usinirudishie mimi. Mimi nitakuwa Laisamis. Mpe mwingine atakayeng'olewa."

Akapanda, akapiga honi mara mbili, akaondoka na vumbi lake.

Usiku wa pili tulikuwa tumelihamisha hema la familia hadi chini ya ukuta, karibu na la mzee. Saa kumi na moja jioni, ziwa likiwa limetulia tuli, waliingia mume na mke vijana kwa pikipiki, wamechoka, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Wakachagua, bila shaka unajua, palepale palipoinuka.

Baba yule aliinuka kabla hata mzee hajaigusa fimbo yake. Alichukua ile kamba na vile vigingi vya nondo, akawaendea.

"Karibuni," akasema. "Hapo ndipo nilipolala jana. Njooni niwaonyeshe kilichonipata."

Waliguna kidogo, kwa kuwa machweo yalikuwa mazuri. Lakini walikuja. Na yule msichana wa miaka tisa aliwaonyesha kwa kidole, kama mwalimu, mlima ambao upepo hutokea.

Ukitaka kwenda nawe

Usiogope kwenda, msomaji. Upepo hauui mtu aliyejiandaa. Mambo machache tu ya kuzingatia.

Kwanza ni hema lenyewe. Dukani utavutiwa na lile refu unaloweza kusimama ndani yake. Kwa kaskazini, nunua fupi, la mviringo, lenye kamba nyingi za kukaza. Lisimamishe mara moja nyumbani kabla ya safari, hata kama ni uwanjani mbele ya majirani.

Pili, uliza wenyeji upepo hutoka upande gani, hata kama hakuna jani linalotikisika. Elekeza upande mwembamba wa hema huko, na mlango uwe upande wa pili. Tafuta kinga: ukuta, mwamba, gari. Usilale chini kabisa ya mkoma, maana makuti makavu na matunda yake huanguka.

Tatu, vigingi. Vile vyembamba vinavyokuja na hema havitoshi kwa ardhi ya changarawe. Beba vya chuma, vipigilie vikiwa vimeinama, kichwa kikielekea mbali na hema, kisha weka jiwe juu ya kila kimoja. Unaposimamisha hema kukiwa na upepo, pigilia upande unaoukabili upepo kwanza, na mtu mmoja alikalie mpaka fito ziingie.

Nne, usiwashe jiko la mkaa wala stovu ndani ya hema, hata baridi ikikuzidi. Moto hushika kitambaa kwa dakika moja, na moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wamelala.

Tano, dawa za mgonjwa, tochi na viatu vikae mahali pamoja, karibu na kichwa cha mkubwa mmoja, na kila mtu ajue ni wapi. Mwenye pumu aende na kitambaa cha kufunika pua, na aonane na daktari wake kabla ya safari.

La mwisho haliuzwi dukani. Ukifika kambini, kabla hujafungua mzigo, zunguka uwasalimu walio hapo. Si lazima uwe mzungumzaji. Sema tu jina lako na utokako, na kama una mgonjwa, mwambie mmoja wao. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawakutukataza kumsalimu kabla dhiki haijafika. Kwa watoto wetu wanaokulia nyuma ya malango yaliyofungwa kwa kufuli, huenda salamu hizo zikawa ndizo sehemu ya safari watakayoikumbuka zaidi, kuliko mamba, kuliko hata ziwa.

Na unapopanga mzigo wako, beba nondo mbili zaidi ya zile unazohitaji. Hizo si zako.